Dawa ya shambani isilale nyumbani: tuwalinde watoto kabla hawajazaliwa



Najua wengi mnasubiri majibu ya maswali yenu kuhusu kantangaze kwenye nyanya. Majibu yapo njiani. Leo naomba tuliweke kando suala hilo kidogo, kwa sababu kuna jambo limenikaa moyoni tangu msimu uliopita na sioni vizuri kuendelea kuwafundisha vipimo vya dawa kabla sijalisema.

Tulikuwa tumemaliza shamba darasa. Somo la siku hiyo lilikuwa namna ya kuchanganya dawa na kusafisha bomba. Watu walipotawanyika, mama mmoja alibaki nyuma, akajifanya anakunja kanga yake mpaka wenzake walipofika mbali. Mtoto wake wa miaka mitano alikuwa anatibiwa saratani ya damu katika hospitali ya rufaa. Akaniambia, "Bwana shamba, nikuulize kitu. Mimba ya huyu mtoto niliibeba msimu wa nyanya. Maji ya kuchanganyia dawa nilichota mimi. Nguo za baba yake nilifua mimi. Je, ni mimi niliyemletea mwanangu ugonjwa?"

Nilimjibu haraka, kama mtu anayekimbia mvua. "Hapana mama, hayo mambo hayahusiani kabisa. Usiwaze hivyo." Akanishukuru, akaondoka.

Jibu lile lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu moja ilikuwa kweli: hakuwa na kosa. Sehemu ya pili, kwamba hayahusiani kabisa, niliitamka bila kujua. Sikuwa nimewahi kusoma lolote kuhusu jambo hilo. Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma, na niliyoyasoma yamenibadilisha namna ninavyofanya kazi hii.

Maoni yangu ni haya. Sisi wataalamu wa ugani tumefundisha usalama wa dawa kana kwamba ni suala la yule mwanaume aliyebeba bomba mgongoni. Si lake peke yake. Ni suala la nyumba nzima, na wa kwanza kulindwa ni mtoto aliye tumboni na yule anayetambaa sakafuni. Tunaweza kuanza kuwalinda leo, bila kusubiri wanasayansi wamalize mabishano yao, na bila kumnyooshea kidole mzazi yeyote.

Sayansi inasema nini

Swali la yule mama si geni. Mwaka 1974 watafiti wawili wa Quebec, nchini Kanada, walitazama kazi za baba wa watoto waliokufa kwa saratani. Wakaona kazi zinazogusa petroli, vilainishi na rangi, kama ufundi wa magari, zinajitokeza zaidi ya walivyotarajia. Tafiti zilizofuata, nyingine zilikubaliana nao, nyingine hazikukubaliana. Lakini tangu hapo swali halijafa: je, kazi ya mzazi inaweza kumfuata mtoto?

Kwa upande wa viuatilifu, kazi kubwa ilitoka mwaka 2014. Watafiti walikusanya pamoja takwimu za tafiti 13 kutoka nchi mbalimbali. Humo mlikuwa na watoto zaidi ya 8,000 waliougua lukemia, yaani saratani ya damu, wakalinganishwa na watoto zaidi ya 14,000 wasiougua. Waliona mambo mawili. Kwanza, mama waliofanya kazi zenye kugusa viuatilifu wakiwa wajawazito, hatari ya watoto wao kupata aina moja ya lukemia, ile ya myeloidi, ilikuwa karibu mara mbili. Pili, baba waliogusa viuatilifu kazini karibu na wakati wa mimba kutungwa, hatari ya watoto wao kupata lukemia ya limfoblasti, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi kwa watoto, ilikuwa juu kwa kama asilimia 20.

Kwa nini kipindi cha mimba, na hata kabla ya mimba? Mbegu za baba huchukua zaidi ya miezi miwili kukua. Anachokigusa kipindi hicho kinaweza kuzigusa nazo. Kwa mama, mambo mengi ya mtoto hupangwa tumboni. Wanasayansi waliwahi kuchukua matone ya damu yaliyokaushwa, yale yanayochukuliwa mtoto anapozaliwa katika nchi zenye utaratibu huo, wakayachunguza upya kwa watoto waliokuja kuugua lukemia miaka kadhaa baadaye. Kwa baadhi yao, alama ya kwanza ya ugonjwa ilikuwamo tayari siku waliyozaliwa. Maana yake, kwa watoto hao safari ya ugonjwa ilianzia tumboni. Lakini watoto wengi wanaozaliwa na alama hiyo hawaugui kamwe. Kunahitajika jambo jingine zaidi ndipo ugonjwa utokee.

Kuhusu dawa zenyewe, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni mkono wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2015 liliweka malathioni, diazinoni na glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mwaka huohuo liliiweka lindeni katika kundi la juu kabisa, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Haya yalihusu binadamu kwa jumla, si watoto peke yao. Lakini majina haya si mageni masikioni mwenu. Glaifoseti ndiyo ile tunayopulizia majani kabla ya kulima.

Na ile dawa ya ukungu yenye mankozebu, ile ya unga ambayo wengi wetu tunaichota kwa kiganja kwa sababu "haina harufu kali"? Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea muda wa kibali mwaka 2020. Moja ya sababu ilikuwa madhara yake kwa uzazi. Kwa hiyo harufu si kipimo cha sumu.

Lakini tusitishane

Nimesema nitakuwa mkweli, kwa hiyo lazima niseme na upande wa pili.

Saratani ya watoto ni ugonjwa wa nadra. Katika nchi tajiri, ambako karibu kila mgonjwa huandikwa, lukemia ya aina zote hupata watoto kama 4 au 5 kati ya kila watoto 100,000 kwa mwaka. Ile ya myeloidi ni chini ya mtoto 1 kati ya 100,000. Hata ukiizidisha mara mbili, bado ni watoto wachache sana. Mwanamke aliyechota maji ya dawa akiwa mjamzito, uwezekano mkubwa kabisa ni kwamba mwanawe hatapata saratani.

Tena, tafiti hizi zinaonyesha vitu viwili vinaenda pamoja. Hazithibitishi kwamba kimoja ndicho kilichosababisha kingine kwa mtoto fulani. Mama wa mtoto mgonjwa huulizwa, "Ulifanya kazi gani miaka sita iliyopita?" Naye, kwa uchungu wake, hukumbuka mengi kuliko mama wa mtoto mzima. Wanasayansi wanalijua tatizo hilo na ndiyo maana wanasema kwa tahadhari.

Na saratani nyingine za watoto zina njia zake. Ile ya taya ambayo Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda mwaka 1958 inahusishwa na kirusi pamoja na malaria. Ile ya jicho inayofanya mboni ing'ae nyeupe hutokana na hitilafu katika vinasaba. Kwa hiyo mtu asije kijijini kwako akasema kila mtoto mgonjwa ni kwa sababu ya dawa za shamba. Huo ni uongo kama ule niliousema mimi, ila umegeuzwa upande wa pili.

Sasa utauliza, kama hatari ni ndogo na ushahidi haujakamilika, kwa nini tujisumbue? Nina sababu tatu. Ya kwanza, sisi hatugusi dawa kama wanavyogusa wakulima wengi wa nchi hizo zilizofanyiwa utafiti. Wengi wao hupulizia wakiwa ndani ya trekta lenye kibanda. Sisi bomba linavuja mgongoni. Ya pili, dawa hizihizi zina madhara mengine yasiyo na ubishi: kuumwa kichwa, kutapika, ngozi kuwaka, macho kuona ukungu, na watoto kufa kwa kunywa sumu iliyowekwa kwenye chupa ya soda. Hatua zinazomkinga mtoto na lile la nadra ndizo zinazomkinga na haya ya kila msimu. Ya tatu, hatua nyingi hazina gharama. Jambo lisilo na gharama halihitaji ushahidi wa asilimia mia.

Namna sumu inavyofika nyumbani

Nianze na mimi mwenyewe. Miaka yangu ya kwanza kazini nilikuwa napuliza dawa kwenye mashamba ya mfano bila glovu, nikionyesha watu "namna bora." Nikirudi jioni, ovaroli naivua sebuleni. Mke wangu anaiokota na kuitia kwenye beseni pamoja na nguo nyingine. Alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili. Nashukuru mtoto ni mzima na anasoma. Lakini sikumlinda kwa akili yangu. Ilikuwa bahati tu.

Fuatilia siku moja ya dawa katika kaya zetu utaona. Baba amebeba bomba. Mama, hata akiwa mjamzito wa miezi saba, anachota maji na kumsaidia kujaza. Mchanganyiko unakorogwa kwa kijiti, wakati mwingine kwa mkono. Watoto wametoka shule, wanashika mpira wa maji au wanaokota chupa tupu wachezee. Kesho yake asubuhi, majani yakiwa bado na umande wenye dawa, mama anaingia kuchuma nyanya kwa mikono mitupu huku mtoto mchanga yuko mgongoni. Jioni anafua nguo za baba. Bomba limelala chini ya kitanda kwa kuogopa wezi. Dawa iliyobaki iko juu ya kabati la vyombo.

Sasa niambie, katika siku hiyo nani amegusa dawa zaidi? Mimi kwenye semina nimemfundisha baba. Karatasi ya mahudhurio ina majina ya wanaume 22 na wanawake 4. Mchotaji wa maji, mchumaji na mfuaji hakuwapo. Hapo ndipo ninaposema kosa ni letu sisi wataalamu kabla halijawa la mkulima.

Kwenu wafanyabiashara

Mwenye duka la pembejeo, wewe ndiye daktari wa kwanza wa mkulima, upende usipende. Anakuja na jani mkononi anakuuliza, "Hili limeliwa na nini?" Wewe unampa dawa. Nakuomba mambo mawili. Usimpimie dawa kwenye chupa ya maji au ya soda. Kufungua kifungashio na kupima upya bila kibali si halali. Hata sheria ukiiweka kando, chupa ile haina lebo, haina rangi ya tahadhari na inafika kwenye nyumba yenye watoto. Pili, kama duka lako lina unga, sukari na dawa za shamba pamoja, na mtoto wako analala mchana nyuma ya kaunta, jua kwamba yeye anavuta hewa ile siku nzima kuliko mteja yeyote. Tenga chumba au kabati la nje lenye kufuli, na mtoto asilale humo.

Wauza petroli wa chupa, na ninyi nawagusa. Petroli ina benzini, na benzini inajulikana kusababisha saratani ya damu kwa wafanyakazi wanaoivuta muda mrefu. Mwaka 2025 shirika lile nililolitaja juu liliiweka petroli yenyewe katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo acha kunyonya mpira kwa mdomo unapohamisha mafuta. Madumu yasilale chumba kimoja na watu. Fundi bodaboda, usioshe mikono kwa petroli halafu ukamnyanyua mtoto. Tumia sabuni ya unga na mchanga mlaini au maranda ya mbao, oshea maji.

Wapaka rangi nao wamo. Shirika hilohilo limeiweka kazi ya kupaka rangi katika kundi la kazi zinazosababisha saratani kwa wanaoifanya, na likaona dalili, ingawa bado si nyingi, kwamba watoto wa mama waliofanya kazi hiyo nao wanaweza kuwa kwenye hatari ya lukemia. Mjamzito asipake rangi ya mafuta wala asilale kwenye chumba kilichopakwa jana.

"Lakini bwana shamba..."

Najua mtakayosema, kwa sababu nimeshayasikia.

"Babu zetu walitumia DDT na watoto walikua." Ni kweli wengi walikua. Lakini mtoto aliyekufa kwa homa isiyoisha mwaka 1970, nani alimpima damu? Aliambiwa ni malaria, au amerogwa, akazikwa. Tusiowahesabu hatuwezi kusema hawakuwapo. Isitoshe, babu zetu hawakupuliza kama sisi. Kantangaze alipoingia nchini mwaka 2014, kuna wakulima waliofikia kupuliza kila baada ya siku tatu au nne.

"Vifaa vya kinga ni ghali." Sikatai. Ovaroli, buti, glovu na barakoa yenye kichujio kwa pamoja vinaweza kula faida ya kreti kadhaa za nyanya. Ndiyo maana mimi naunga mkono vikundi kununua seti mbili au tatu za pamoja na kuteua watu wazima wachache wafundishwe kupulizia kwa malipo. Lakini usisubiri seti hiyo. Shati la mikono mirefu, suruali, buti za mvua na glovu za mpira vinapatikana mnadani. Na kuoga ni bure.

"Mke wangu akikaa nyumbani, nani atachota maji?" Hili ndilo gumu kuliko yote, na sitaki kulijibu kirahisi. Kaya nyingi zina mikono miwili tu. Ninachoomba ni kupanga. Maji yachotwe jana yake, kabla chupa ya dawa haijafunguliwa. Siku ya dawa yeye afanye kazi nyingine mbali na shamba. Jirani asaidie, kesho umsaidie. Tunafanya hivyo kwenye misiba na harusi, tunashindwaje kwa mimba?

"Tukiacha dawa tutakula nini?" Sijasema tuache. Nimesema tupunguze na tuwe na adabu nayo. Dawa chache maana yake ni pesa zaidi mfukoni. Kwa kantangaze, weka mitego yenye harufu ya jike, kagua shamba mara mbili kwa wiki, ng'oa na ufukie majani yaliyochorwa, usipande nyanya mahali palipotoka nyanya, viazi au bilinganya. Pulizia kwa sababu umemwona mdudu, si kwa sababu ni Jumamosi.

Mambo nane ya kuanza nayo msimu huu

1. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasichanganye dawa, wasijaze bomba, wasiwepo shambani wakati wa kupulizia. Baba anayetafuta mtoto naye ajilinde kwa mavazi kamili kuanzia miezi mitatu kabla.

2. Aliyepulizia avue nguo nje, aoge kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto au kukaa kitandani.

3. Aliyepulizia afue nguo zake mwenyewe, peke yake, kwenye beseni lake, akiwa na glovu. Maji yake yasimwagwe mtoni wala karibu na kisima. Baba, hili halipunguzi heshima yako.

4. Soma rangi ya ukanda kwenye lebo. Nyekundu ni kali zaidi, inafuata njano, kisha bluu, kisha kijani. Kama kuna dawa ya bluu au kijani inayofanya kazi ileile, chagua hiyo. Hakikisha imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kama lebo imeandikwa lugha usiyoielewa, niletee tusome wote.

5. Usiingie shambani mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite. Kama hazijaandikwa, subiri angalau siku nzima. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna nazo ziheshimiwe. Mlaji naye ana mtoto.

6. Dawa na bomba vikae nje ya nyumba ya kulala, kwenye sanduku lenye kufuli. Hata sanduku la mbao kwenye banda linatosha, mradi mtoto na mifugo wasifikie.

7. Chupa tupu suuza mara tatu, maji yake yarudi ndani ya bomba, kisha itoboe. Isiwekewe maziwa, maji, mafuta ya taa wala pombe. Usiichome.

8. Tusichanganye dawa tatu nne kwenye bomba moja "ili zipate nguvu." Hakuna aliyepima mchanganyiko huo unamfanya nini mtoto.

Neno kwa mama wanaonyonyesha: msije mkasoma makala hii mkaacha kunyonyesha. Maziwa ya mama ni kinga kubwa. Kinachotakiwa ni kukaa mbali na dawa.

Mtoto akionyesha dalili, usipoteze muda

Haya si ya shambani, lakini nayaandika kwa sababu ndiyo yanayookoa. Mpeleke mtoto hospitali akapimwe damu ukiona homa zinazorudi hata baada ya dawa za malaria, kupauka na kuchoka, michubuko au damu puani bila sababu, maumivu ya mifupa mpaka hataki kutembea, uvimbe wa tumbo, shingo au taya, mboni ya jicho inayong'aa nyeupe, au kichwa kuuma na kutapika kila asubuhi. Mara nyingi itakuwa ni kitu kingine. Lakini ukitibiwa malaria mara tatu mfululizo bila nafuu, sema wazi: "Naomba apimwe zaidi."

Saratani ya mtoto si hukumu ya kifo. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto hao hupona. Katika nchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30, na sababu kubwa ni kuchelewa kugundulika, kukosa dawa na wazazi kukatisha matibabu kwa kukosa nauli. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango mwaka 2018 wa kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo mwaka 2030. Hapa nchini kuna matibabu ya saratani za watoto Muhimbili, Bugando na KCMC. Usianzie kwa mganga ukaishia hospitali. Na kijiji kinachochangia harusi kinaweza kuchangia nauli ya mtoto mmoja kwenda na kurudi kliniki.

Ninachokwenda kumwambia yule mama

Nimeazimia kumtembelea na kumrudishia jibu langu. Nitamwambia hivi.

Mama, nilikujibu haraka na nakuomba radhi. Hakuna daktari duniani anayeweza kusema mtoto wako aliugua kwa sababu ya dawa zile, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba hazikuchangia. Ulichota maji kwa sababu familia ilihitaji kula. Uliifua ovaroli kwa sababu hakuna aliyekwambia. Aliyepaswa kukwambia ni mimi na wenzangu, na hatukukwambia. Kama kuna lawama, ianzie huku kwetu.

Na wewe baba unayesoma hapa, usimgeuzie mkeo maneno. Takwimu zile zilikutaja na wewe.

Shamba darasa lijalo nimelipanga upya. Sitaanza na vipimo vya dawa. Nitaanza kwa kuuliza, "Nani anafua?" Nawaomba kila kaya ije na watu wawili, baba na mama, na mwenye duka la pembejeo aje pia. Viongozi wa kijiji nitawaombea ajenda moja tu kwenye mkutano mkuu: siku ya dawa, mjamzito na mtoto wasiingie shambani, na kijiji kikubaliane hivyo kwa kauli moja. Haihitaji bajeti.

Kama kwenu mmeshapata njia nzuri ya kulitekeleza hili, au mmeona ninalosema haliwezekani kwa mazingira yenu, niandikieni hapa chini. Nitajibu kila mmoja, na mara hii sitajibu haraka.

Makala ijayo: kantangaze, kama nilivyoahidi. Msimu mwema.